Bakteria wa tumboni mwa mtoto mchanga: maswali ninayoulizwa kliniki

Meza yangu iko jirani na mizani ya kuning'iniza, pale akina mama wanapowavua watoto nguo kabla ya kupima uzito, kwa hiyo naona nepi nyingi. Nimeziona kwa miaka mingi kiasi kwamba mtoto anayenyonya maziwa ya mama peke yake namjua kwa harufu kabla nepi haijafunguliwa: uchachu mwepesi, kama mtindi wa jana. Harufu hiyo ni kazi ya bakteria, na maswali mengi ninayoulizwa huishia kwao hata kama mama mwenyewe hakuwataja. Nayajibu hapa kama ninavyoyajibu mezani, ila hapa hakuna foleni nyuma yako.

Bakteria si ndio wadudu wa magonjwa? Iweje mseme mwanangu anawahitaji?

Wapo wa magonjwa, ila ni wachache. Mwaka 1885 daktari wa watoto Theodor Escherich, akiwa Munich, alichunguza choo cha watoto wachanga tangu kile cheusi cha mwanzo. Aliona kwamba mwanzoni hakina bakteria, lakini ndani ya siku moja tayari wameshahamia. Mmoja wa aliowaeleza leo anaitwa kwa jina lake, Escherichia coli. Mwaka 1899 Henry Tissier wa Taasisi ya Pasteur, Paris, akaeleza bakteria mwingine aliyemkuta kwa watoto wanaonyonya, mwenye umbo la Y kama panda ya manati. Hao ndio bifidobakteria. Washike jina, maana nitawataja mpaka uchoke.

Anawapata wapi, wakati tumboni alikuwa peke yake?

Kwako. Kwenye ngozi yako, chuchu, maziwa yenyewe, na zaidi ya kote kwenye utumbo wako. Akizaliwa kwa njia ya kawaida, kichwa kinapita jirani kabisa na njia ya haja kubwa. Nimeshamwona mama akimwomba mkunga radhi kwa sababu choo kimetoka wakati anasukuma. Hakuna kosa hapo, mwanao ameshapokea urithi wake wa kwanza.

Wanaotangulia kuhamia ni wale wanaoweza kuishi penye oksijeni, kina E. coli. Wanaitumia mpaka inakwisha, ndipo bifidobakteria na wengine wasioivumilia wanapata pa kukaa. Kuanzia hapo wapangaji wanabadilika kila chakula kinapobadilika, na mtoto akifika kama miaka 3 tumbo lake linafanana na la mtu mzima.

Nilijifungua kwa upasuaji. Nimemkosesha?

Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini, na mara nyingine kwa machozi. Tofauti ipo, siwezi kukuficha. Watafiti wa Uingereza waliwafuatilia watoto karibu 600, matokeo yakatoka 2019: waliozaliwa kwa upasuaji walikuwa na upungufu wa kundi liitwalo Bacteroides, na walibeba zaidi bakteria wanaopatikana mahospitalini. Lakini kadiri miezi ilivyokwenda tofauti nyingi zilipungua. Kumbuka pia kwamba kabla ya kisu mama huchomwa antibiotiki ili kidonda kisioze, nayo inachangia.

Kuna waliosikia kwamba mtoto apakwe majimaji ya uke wa mama ili kufidia. Usifanye. Yanaweza kubeba vimelea vya kumdhuru, na kama nilivyosema, wengi wa wale tunaowatafuta wanatoka kwenye utumbo. Ulichonacho mkononi ni kifua chako: awekwe ngozi kwa ngozi mapema, anyonye mapema. Upasuaji uliokuokoa wewe na yeye haudaiwi kitu.

Hawa bakteria wanaujengaje utumbo wenyewe?

Hapa ndipo panaponivutia mimi kuliko pote. Utumbo wa mtoto anayezaliwa ni kama nyumba iliyopauliwa ambayo haijapigwa plasta. Ndani yake, utumbo mwembamba umejaa vijinyama mfano wa vidole vidogo sana, na hivyo ndivyo vinavyofyonza chakula. Kila kidole kina mtandao wake wa mishipa myembamba ya damu.

Sasa, wapo panya wanaozalishwa maabara ndani ya vizimba visivyo na bakteria hata mmoja. Mwaka 2002 watafiti wa St. Louis, Marekani, walionyesha kwamba kwa panya hao mtandao ule wa mishipa hukwama katikati, kama fundi aliyeondoka na kazi. Walipowapa bakteria wa kawaida wa tumboni, ujenzi ukaendelea na kukamilika ndani ya siku 10. Hata aina moja tu ya bakteria iliweza kuuanzisha upya. Panya hao wana mapungufu mengine pia: ute unaolinda ukuta wa utumbo ni mwembamba, seli za ukuta zinachelewa kubadilishwa, na askari wa kinga waliomo ukutani ni wachache.

Mtoto wako si panya, na hakuna atakayemlea binadamu kwenye kizimba ili kulinganisha. Ila mambo mengi tunayaona kwa watoto pia. Ukuta wa utumbo hujivua na kuvaa seli mpya kila baada ya siku 3 hadi 5. Bakteria wakishakula hutoa asidi nyepesi ambazo seli hizo huzitumia kama kuni. Na kinga ya mwili inajifunza hapohapo kumtambua mpangaji na mwizi.

Kwa nini mnang'ang'ania maziwa ya mama? Maziwa ya kopo si yana kila kitu?

Kaa vizuri, hili ni refu.

Ndani ya maziwa yako kuna sukari za aina ambayo mtoto hana uwezo wa kuisaga. Si kidogo: gramu 5 hadi 15 kwa lita, yaani zinalingana na protini yote iliyomo, pengine kuizidi. Zimeshatambuliwa za maumbo zaidi ya 150. Zinashuka kutoka mdomoni, zinapita tumbo, zinapita utumbo mwembamba, zinafika utumbo mpana zikiwa vilevile. Mwili wa mama, ambao mara nyingine wenyewe umelalia chai kavu, unatumia nguvu zake kutengeneza chakula ambacho mtoto hakili.

Anakula nani? Bifidobakteria, hasa mmoja aitwaye infantis, aliye na vifaa vya kuzikatakata sukari hizo mpaka ya mwisho. Anazimeza, anatoa asidi, utumbo unakuwa mchachu, na vimelea vingi vya kuharisha havipendi uchachu. Ile harufu ya mtindi niliyoanza nayo ndiyo hiyo. Zaidi ya hapo, baadhi ya sukari hizi zinafanana na vishikizo vya ukuta wa utumbo ambavyo vimelea hujishikiza navyo. Kimelea kinashika sukari, kinadhani kimefika, na kinatoka nayo kwenye nepi.

Mwaka 2022 ulitoka utafiti uliohusisha watoto wa Wahadzabe, wale wa kandokando ya Ziwa Eyasi hapa Tanzania. Infantis alikuwa amejaa kwao, wakati kwenye nchi za viwanda amekuwa adimu hata kwa watoto wanaonyonya. Nikiwaeleza akina mama wa kliniki hili huwa wanatabasamu, kwa kuwa mara nyingi utafiti huja kutuambia tulichopungukiwa.

Maziwa ya kopo yana protini, mafuta, vitamini, na siku hizi kopo la bei kubwa linaongezwa sukari moja au mbili za aina hiyo. Mama aliyeshindwa kunyonyesha kwa sababu ya kweli anayatumia na mtoto anakua, sitamsema. Ninayemsema ni anayeuza kopo kwa kumwambia mama mwenye maziwa kwamba hayatoshi.

Bibi anataka nikamue yale ya njano niyamwage, eti machafu.

Hiyo ni dang'a. Imejaa kingamwili zinazokwenda kuupaka ukuta wa utumbo ukiwa bado mchanga, pamoja na sukari nilizozieleza kwa wingi kuliko zitakavyokuwa baadaye. Usimwage hata tone. Anyonye ndani ya saa moja ya kwanza.

Maji kidogo tu, kwa joto hili? Na dawa ya chango?

Maziwa yako ni maji kwa karibu asilimia 88. Hata Februari ya Tanga hailishindi hilo, mnyonyeshe mara nyingi zaidi basi.

Kuhusu chango, nina la kwangu. Mwanangu wa kwanza alipofikisha wiki 5 alilia kila jioni, kuanzia magharibi mpaka saa nne usiku, miguu ameikunja tumboni. Mama yangu alikuja na chupa iliyowahi kuwa ya sharubati, ndani mizizi imelowekwa, maji yamekuwa rangi ya chai. Nilikuwa nimeshaajiriwa, najua ninachokijua, na bado usiku wa nne nikampa kijiko. Akaharisha siku mbili. Kilio kikaendelea vilevile mpaka kikaisha chenyewe alipofika miezi 3, kama kinavyoisha kwa watoto wengi: hupanda hadi kama wiki ya 6, kisha hushuka.

Kwa hiyo simcheki anayekuja na chupa. Namweleza kwamba maji yale hayajachemshwa, mizizi ina udongo, na kila kijiko kinawaingizia wale bifidobakteria wageni wenye fujo. Upo ushahidi kwamba aina moja ya bakteria wanaouzwa dukani kama matone, aitwaye reuteri, hupunguza kilio kwa watoto wanaonyonya. Lakini bei yake inakera, na kumbeba mtoto kifuani ukitembea nyumbani ni bure.

Asali? Tunampaka mtoto siku ya kwanza.

Asali hapana, mpaka atimize mwaka. Inaweza kubeba mbegu za bakteria aitwaye Clostridium botulinum. Wewe na mimi tukizila zinapita tu, kwa sababu utumbo wetu umejaa wapangaji na hakuna chumba. Kwa mtoto mchanga vyumba vitupu ni vingi; mbegu zinaota na kutoa sumu inayolegeza misuli. Huanza kwa kukosa choo, kunyonya kwa unyonge, shingo kulegea, na inaweza kufika kwenye pumzi. Kuipika asali nyumbani hakuziui mbegu hizo.

Kwa Waislamu wanaofanya tahniki: tende iliyolainishwa, kiasi cha kupaka tu kwenye kaakaa, na mwenye kuifanya awe mzima wa afya na mikono imenawiwa. Asali isiwemo.

Hajapata choo siku tano. Au: anapata mara nane kwa siku. Ipi ni ugonjwa?

Kwa mtoto anayenyonya maziwa ya mama tu na aliyevuka wiki kama 6, zote mbili zinaweza kuwa kawaida, mradi choo ni laini, anakojoa vizuri na uzito unapanda. Cheusi cha kunata siku za mwanzo, kisha kijani, kisha njano kama haradali chenye punje. Hiyo ndiyo safari. Ambacho hupaswi kukisubiria ni cheupe au cha kijivu kama chokaa, maana hicho ni suala la ini na nyongo, na chenye damu. Na kichanga ambaye hajatoa choo kabisa saa 24 za kwanza aonwe na daktari.

Alipewa antibiotiki. Bakteria wazuri si wamekufa?

Wengi, ndiyo. Hasa bifidobakteria hupungua, na inachukua wiki kadhaa warudi. Mnyonyeshe, kwa kuwa chakula chao kinaendelea kushuka.

Lakini sitaki utoke hapa ukiiogopa dawa. Kichanga mwenye homa na asiyenyonya anahitaji sindano leo, na bakteria wazuri watajijua baadaye. Malawi walifuatilia watoto 2,767 wenye utapiamlo mkali waliotibiwa wakiwa nyumbani, matokeo yakatoka 2013: waliopewa chakula dawa (ile lishe maalumu ya kutibu utapiamlo) pekee walikufa asilimia 7.4, walioongezewa amoksisilini asilimia 4.8. Hiyo ni mikononi mwa mtaalamu, kwa mtoto anayestahili. Ninachopigana nacho mimi ni nusu chupa iliyobaki ya kaka yake, inayotolewa juu ya kabati kwa ajili ya mafua. Mafua ni virusi. Kuharisha kwa kawaida pia hakuhitaji antibiotiki, kunahitaji ORS na zinki.

Ameanza uji. Nimwekee ule unga wa virutubishi wenye madini ya chuma? Nimesikia unaharibu tumbo.

Umesikia nusu. Watafiti walikwenda Kwale, pwani ya kusini ya Kenya, wakawapa watoto wa miezi 6 uji wa mahindi uliochanganywa unga wa virutubishi kwa miezi 4, wengine wenye chuma na wengine usio nacho. Waliopata chuma waliongezeka bakteria wabaya, wakiwemo E. coli wa kuharisha, na vipimo vya choo vikaonyesha utumbo umevimba. Hayo yalichapishwa 2015.

Sababu yake ni hii. Chuma kingi cha kwenye unga hakifyonzwi, kinashuka hadi utumbo mpana. Vimelea vingi vina njaa ya chuma, wakati bifidobakteria hawakihitaji sana. Ni kama kumwaga mtama uani halafu ukashangaa kunguru wamekuja. Maziwa ya mama yenyewe yana protini inayokishika chuma ili vimelea visikipate.

Ila upungufu wa damu nao unadumaza ubongo, na watoto wetu wanao kwa wingi. Watafiti walewale walirudi pwani ileile, 2017 wakaeleza kwamba unga wa chuma ukiongezwa sukari maalumu zinazolisha bifidobakteria, madhara mengi hupungua. Kwa sasa, kama mtoto amepimwa damu na ni pungufu, fuata alichoandikiwa. Kama ni mzima, anza na chuma cha chakula: maini yaliyopondwa, dagaa waliosagwa pamoja na uji au viazi, juisi kidogo ya chungwa pembeni ili kifyonzwe. Na aendelee kunyonya mpaka miaka 2 au zaidi.

Anakula lakini haongezeki. Inaweza kuwa ni bakteria?

Inaweza kuwa sehemu. Malawi walifuatilia jozi 317 za mapacha. Kwenye baadhi ya jozi mmoja alipata kwashakoo na mwenzake hakupata, ilhali wanalala kitanda kimoja na kula chungu kimoja. Bakteria wa mgonjwa walipohamishiwa kwa panya wasio na bakteria, panya wakala chakula cha Kimalawi, wakakonda vibaya. Chakula duni na bakteria wabovu walihitaji kukutana.

Wengi tukadhani basi tiba imepatikana: safisha mazingira, ua wadudu. Haikuwa hivyo. Magharibi mwa Kenya mradi uliofuata familia za wajawazito zaidi ya 8,000 uligawa vyoo, klorini na vituo vya kunawia. Matokeo ya 2018 yakaonyesha kimo cha watoto hakikubadilika kwa hayo. Haydom, mkoani Manyara, watoto karibu 1,200 walipewa dawa za kuua vimelea kwa vipindi. Nao hawakurefuka zaidi ya wenzao.

Lililonipa moyo linatoka Dhaka, Bangladesh. Mwaka 2021 watoto wenye utapiamlo wa wastani walilishwa mchanganyiko wa dengu, soya, karanga na ndizi mbichi, uliochaguliwa kwa kuangalia bakteria wanachokipenda. Waliongezeka uzito vizuri kuliko waliokula chakula cha lishe cha kawaida chenye nguvu nyingi zaidi. Nilipoisoma ile orodha nilicheka peke yangu: vyote vipo sokoni, tena ndizi mbichi zinapikwa mtori kila siku. Sisemi mtori ni dawa. Nasema mama asije kuambiwa hana cha kumpa.

Ninunue probiotiki, wale bakteria wazuri wa dukani?

Kwa mtoto mzima anayenyonya, hapana, weka hela. Huko Odisha, India, watoto wachanga zaidi ya 4,500 wa vijijini walihusishwa kwenye jaribio lililotangazwa 2017, nusu wakipewa bakteria pamoja na chakula cha bakteria kwa siku 7; maambukizi makali na vifo vikashuka kwa asilimia 40 hivi. Ni habari kubwa. Lakini ilikuwa aina maalumu, kipimo maalumu, chini ya uangalizi, na pakiti ya duka la dawa si lazima iwe hiyo.

Mwanangu ni njiti.

Basi hili ndilo kundi ambalo maziwa ya mama yanahesabika zaidi, hata yakiwa ya kukamua na kupitishwa kwenye mpira wa kumlishia. Njiti wana hatari ya utumbo kuvimba na kuoza, na maziwa ya mama hupunguza hatari hiyo. Mbebe kifuani ngozi kwa ngozi, ndiyo inayoitwa kangaruu. Baba naye anaweza, kifua chake hakina ubaya. Usimpe bakteria wa kununua bila daktari wake kusema.

Lini niache kusoma nimkimbize hospitali?

Haachi kutapika, au anatapika kijani. Tumbo limejaa na kukaza. Choo cha damu au cheupe. Homa, au baridi isiyo ya kawaida. Hanyonyi. Degedege. Anahema haraka, mara 60 au zaidi kwa dakika kwa aliye chini ya miezi 2. Anaharisha na utosi umebonyea, macho yameingia ndani. Hata moja linatosha.

Mama mkwe hataki kusikia lolote kati ya haya.

Mlete. Mwambie mnakuja kupima uzito, abebe mjukuu yeye. Nitamkalisha hapa kwenye benchi karibu na mizani, nimuulize wake walikuwa wangapi na walinyonya mpaka lini. Kwa kawaida anasema miaka miwili, mitatu, na anaanza kueleza yeye.